Kadi Kutoka Biddeford

Kwetu Lewiston, mtu akipata nafasi ya kwenda kucheza kwenye kipindi cha "Pini na Bahati", mchezo wa kuangusha pini za mbao kwa tufe, majirani hawakumwuliza anatarajia kushinda kiasi gani. Walimwuliza atawataja akina nani. Pesa zilikuwa za mchezaji, lakini salamu zilikuwa za mtaa mzima, na aliyetajwa jina lake kwenye runinga Jumamosi saa sita mchana alitembea kifua mbele mpaka Jumamosi iliyofuata.

Kwa hiyo baba yangu, Rosaire Theriault, mkata soli katika kiwanda cha viatu, alipopata barua ya kituo cha televisheni kwamba atacheza tarehe kumi na tatu Machi 1971, nyumba yetu ya ghorofa ya tatu ikaanza kupata wageni. Wa kwanza alikuwa Mama Levasseur wa ghorofa ya chini, akihema kwa ngazi, mikononi kashika pai ya nyama.

"Rosaire, mimi sikuja kuomba kitu," alisema. "Nimekuletea pai tu. Ila ukifika kule, kumbuka jina langu la kwanza ni Alphonsine. Akina Levasseur wamejaa mji huu, wasije wakajidai ni wao waliotajwa."

Akaja kinyozi na chupa ya sharubati ya tufaha. Akaja mke wa mwenye nyumba na pai ya sukari. Baba hakugusa pai hata moja, maana ilikuwa Kwaresima na yeye alikuwa amejinyima vitu vitamu na nyama. Nilizila mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa wiki moja nilikula kama binti wa mfalme.

Lakini katika majina yote ya Lewiston, mimi nilitaka litajwe moja tu, na hilo halikuletewa pai na mtu yeyote.

Dada yangu Rolande alinizidi miaka kumi. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne, na tangu hapo Rolande ndiye aliyenisuka nywele, aliyeniamsha kwenda misa, aliyenipiga kofi na kisha kunipangusa machozi kwa aproni ile ile. Alipofika miaka ishirini akampenda Tom Hanley, mchuuzi wa mashine za kufagilia mazulia, Muairishi, tena aliyekwisha kuoa na kuachana. Kanisa lisingewafungisha ndoa hiyo. Wakaenda kufunga kwenye ofisi ya manispaa ya mji mwingine, na Rolande hakurudi. Baba alisema sentensi moja: "Jina hilo lisitajwe kwenye meza hii." Halikutajwa mezani, na kwa kuwa sisi tulikula, tulisoma, tulisali na kucheza karata kwenye meza hiyo hiyo, halikutajwa popote.

Barua yake moja ilikuja. Baba aliishika muda mrefu pale mlangoni, kisha akaandika juu yake "irudishwe" na kushuka nayo hadi kwenye sanduku la posta. Nilimchukia siku hiyo, na nilitaka ajue, lakini baba hakuwa mtu wa kujua mambo usipomwambia.

Naye mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuficha kitu. Zamani, tulipokuwa watatu, tulicheza karata kila Jumapili jioni. Baba akiwa na karata mbovu na anajidai anazo nzuri, mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe ukavuta ncha ya sikio. Kila mara. Mimi na Rolande tulimfunga miaka na miaka kwa ajili ya sikio hilo, na hatukumwambia kamwe.

Basi, orodha ya salamu. Baba aliiandika kwenye kipande cha boksi la viatu, majina kumi na manne, Alphonsine Levasseur akiwa wa kwanza. Jumamosi asubuhi, alipokuwa ananyoa ndevu, nilichukua penseli, nikaiga mwandiko wake na kuongeza la kumi na tano: Rolande.

Hesabu yangu ilikuwa ya kitoto. Nilijua baba hapendi kukwama mbele ya watu. Akianza kusoma, atasoma mpaka mwisho, na likishatamkwa kwenye runinga, haliwezi tena kuwa jina la kukatazwa mezani. Rolande atarudi. Sikujua hata anaishi wapi, lakini niliamini atalisikia.

Kituo kilikuwa Portland, na ndani yake walijenga njia mbili za kuchezea, mbao zinang'aa mpaka unaona taa ndani yake. Mchezo wetu wa pini si ule wa matufe makubwa yenye matundu. Pini zetu ni nyembamba kama mishumaa, tufe linatosha kiganjani, na pini zikianguka haziondolewi. Zinabaki zimelala hapo hapo, na mchezaji hodari anajua kulipiga gogo, yaani pini iliyolala, ili liangushe iliyosimama. Hapo ndipo baba alipokuwa bingwa. Kuangusha zote kumi kwa tufe moja ni jambo la nadra, na baba hakulitafuta. Yeye alikuwa mtu wa magogo yaliyolala, taratibu, tufe la pili, tufe la tatu.

Tulipofika, mwanamke mmoja mwenye miwani alimwita chumba cha nyuma.

"Unaenda wapi, baba?"

"Kutia sahihi makaratasi."

"Ya nini?"

"Ya kawaida. Kaa pale na wenzako, usitafune ubani, utaonekana."

Nikakaa kwenye benchi la jamaa za wachezaji. Juu yetu ilining'inia runinga ndogo, ili tuone kinachoonekana majumbani. Watoto wa familia nyingine walikuwa wanaikodolea macho, na kamera ikigeukia benchi walijipungia mikono wenyewe.

Mtangazaji aliitwa Buddy Prescott, mtu wa koti la miraba na meno mengi. "Haya, Rosaire!" alinguruma. "Lewiston wamenuna huko, wanasubiri. Una dakika moja, wape salamu zao!"

Baba akatoa kile kipande cha boksi. Akasoma kama anayesoma somo kanisani. Alphonsine Levasseur. Kinyozi. Mwenye nyumba na mkewe. Jamaa wa chumba cha kukatia soli, mmoja mmoja. Nilihesabu kwa vidole. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Kidole chake kilifika mstari wa mwisho. Aliliona. Midomo ilifunguka kidogo, kisha akakikunja kile kipande mara mbili na kukitia mfukoni.

"Na wote wanaonijua," alisema.

Sijui kama unaweza kujua hasira ya mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeona mpango wake umekunjwa na kutiwa mfukoni mbele ya jimbo zima. Nilimgeuzia baba kisogo. Nikainua macho kwenye ile runinga ndogo.

Wakaleta pipa la waya. Nani wa umri wangu asiyelikumbuka! Watazamaji walituma postikadi zenye majina yao, mchezaji akachomoa moja, na mwenye kadi akapata sawasawa na atakachoshinda mchezaji. Buddy alilizungusha, kadi zikachafuka kama majani ya vuli, baba akatumbukiza mkono.

"Soma, Rosaire! Nani bahati yake leo?"

Baba aliigeuza kadi, akaigeuza tena. Buddy akamsogezea kipaza sauti.

"Bi. R. Hanley," alisoma baba. "Mtaa wa Foss. Biddeford."

Rolande! Biddeford! Mwendo wa saa moja tu kwa gari, na mimi nilidhani kaenda mwisho wa dunia.

"Bi. Hanley wa Biddeford!" alisema Buddy. "Unamfahamu huyu mama, Rosaire?"

Aliwauliza wote hivyo, kila Jumamosi. Nilidhani ni maneno ya kuchangamsha kipindi.

"Simfahamu," alisema baba.

Alilisema vizuri, bila kukwaruza, kwa sauti iliyofika kila nyumba yenye antena kutoka milimani hadi baharini. Nililia, nikajifuta kwa mkono wa sweta ili nisionekane kwenye runinga. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Zilizofuata ni pini, na mpaka leo kuna wazee Lewiston wanaozisimulia. Zawadi kubwa ilikuwa ya anayeangusha zote kumi kwa tufe moja, mara mbili mfululizo. Kwa wiki kumi na moja hakuna aliyeipata, na kila wiki waliiongeza, hadi ikafika dola mia sita arobaini. Baba, mtu wa magogo yaliyolala, alicheza siku hiyo kama mtu mwingine. Katika zamu ya nne zilianguka zote kumi. Katika zamu ya tano alisimama mstarini muda mrefu, akalipangusa tufe kwenye suruali, akalipangusa tena, akalitupa, na zote kumi zikalala. Buddy alimkumbatia. Watu walisimama kwenye mabenchi. Mimi sikupiga makofi.

Njiani kurudi, garini, baba aliendesha mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Kisha akasema, "Hundi zinatumwa wiki ijayo. Zote mbili."

Niligeukia dirisha.

"Zote mbili, Noella," alirudia, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia.

Kwa pesa zake hakununua runinga ya rangi wala koti. Alivuta simu. Tulikuwa tunatumia ya Mama Levasseur, naye alitoza kwa kusikiliza kila neno. Sasa tukawa na yetu, nyeusi, ukutani jikoni, na jina la baba likaingia kwenye kitabu cha simu. Jumapili baada ya misa alivuta kiti akakaa chini yake na gazeti. Nilidhani anapumzika. Ikilia aliinuka haraka, akasikiliza, kisha akaninyooshea: "Yako." Ilikuwa yangu daima.

Na mimi? Anwani nilikuwa nimeishika kichwani. Nilimwandikia Rolande juma lile lile: "Usimjali baba. Hata mimi simjali." Alinijibu kupitia kwa Mama Levasseur, ambaye kwa mara moja maishani alitunza siri, kwa sababu ilikuwa na machozi ndani yake. Nilipofikisha miaka kumi na minane nikaanza kwenda Biddeford mwenyewe. Katika barua zote na ziara zote sikumwekea baba neno moja jema. Rolande akisema, "Alilisoma jina langu, Noella, halafu akasema hanifahamu," mimi nilisema, "Nilikuwepo, nilisikia." Nilikoleza moto kwa mikono yangu. Nyumbani nilimpikia baba maharage ya Jumamosi na kumjibu kwa neno moja moja, na kila mwaka alizidi kuwa mdogo kwenye kile kiti chini ya simu.

Kipindi kikafutwa, Buddy Prescott akawa anauza magari, na mwaka 1984, Novemba, baba akafariki usingizini. Nilimpigia Rolande kwa simu ile ile. Ilikuwa mara ya kwanza itumike kuongea naye.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Lakini mimi siji. Mtu asiyenifahamu, nitamzikaje?"

Sikumshawishi. Nilimzika baba mimi na majirani.

Wiki iliyofuata nilikuwa nasafisha nyumba. Mfuko wake wa kuchezea ulikuwa nyuma ya mlango, ndani yake tufe lake na viatu. Kiatu cha kulia kilikuwa kizito kidogo kuliko kawaida, nikatia mkono nikakuta karatasi zimekunjwa. Ndani kabisa ilikuwa postikadi: Bi. R. Hanley, Mtaa wa Foss, Biddeford, kwa mwandiko wa Rolande ulioegemea kushoto. Pembeni palikuwa pamechakaa, pale dole gumba linapokaa. Nadhani watu wa kituo waliinakili anwani, naye akawaomba abaki nayo.

Karatasi iliyoifunika ilikuwa na chapa ya kipindi na sahihi ya baba chini. Makaratasi ya kawaida. Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kwenye ngazi nikasoma tena. Kifungu cha tatu kilisema kwamba, kutokana na udanganyifu uliotokea mwaka uliopita, kadi ya ndugu, mzazi, mtoto au mkwe wa mchezaji haitakubaliwa. Mchezaji ataulizwa mbele ya kamera kama anamfahamu mwenye kadi. Akimfahamu, kadi itarudishwa pipani na itachomolewa nyingine.

Angesema "ni binti yangu", wangelirudisha jina lake pipani.

Nilibaki pale ngazini mpaka Mama Levasseur, mzee sasa, akatokeza kichwa: "We Noella, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilikuwa naangalia simu ukutani na kile kiti, na nilitamani kumpigia mtu niseme samahani, na mtu mwenyewe alikuwa makaburini kwa Mtakatifu Petro siku ya nane.

Niliendesha hadi Biddeford mchana huo huo. Rolande alikuwa anakunja nguo jikoni. Nikaweka karatasi mbili mezani bila salamu. Alisoma ile ya kituo, kidole kikifuata mistari kama alivyonifundisha mimi kusoma. Kilipofika kifungu cha tatu, kidole kilisimama.

"Kwenye runinga hawakulisema hili," alisema.

"Hawakulisema. Waliwasainisha chumba cha nyuma."

"Nilituma kadi mia mbili na kumi na moja, Noella. Walipotangaza kwamba wiki ijayo ni yeye, mimi na Tom tuliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Sikutaka hata senti. Nilitaka aichomoe, imlazimu kutamka jina langu."

"Akalitamka."

"Akalitamka." Alikwenda chumbani akarudi na bahasha. Ndani yake ilikuwa hundi, dola mia sita arobaini, haijawahi kupelekwa benki, imegeuka rangi ya chai. Akailaza kando ya kadi. "Nilidhani ananicheka. Ananikana, halafu dunia inanilipa kwa kukanwa. Tulikuwa hatuna hata kitanda cha mtoto, na sikuigusa."

"Yeye alikuwa anangoja upige simu."

"Kwa nini hakusema? Miaka kumi na mitatu! Hata wewe hakukuambia?"

"Angeniambia mimi, ningemwambia Mama Levasseur. Na Mama Levasseur ni kituo cha pili cha televisheni. Wangekunyang'anya."

Rolande alicheka, kicheko kikageuka kilio. Tulilia pamoja, yeye kwa aproni, mimi kwa mkono wa sweta.

Kisha tukapiga simu kituoni. Lilikuwa wazo lake: kama waliwahi kurekodi, watuonyeshe nusu dakika ile tu, tutalipa. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Alisema zamani mikanda ilikuwa ghali, walirekodi kipindi cha wiki hii juu ya cha wiki iliyopita. Hakuna hata kimoja kilichobaki.

Rolande akaurudisha mkono wa simu polepole.

"Mimi sikumwona," alisema. "Siku ile upepo ulikuwa umeigeuza antena, runinga ilikuwa chenga tupu. Nilisikia sauti tu. Sauti haikutetereka, ndiyo maana nikaamini." Akanishika kiwiko. "Lakini wewe ulikuwepo. Ulikuwa umekaa hatua kumi tu. Aliposema hanifahamu, Noella, alivuta sikio?"

Miaka yote ile nilikuwa nimesema nilikuwepo. Nilikuwepo, ndiyo. Lakini nilikuwa nimempa baba kisogo, nimekodolea macho runinga ndogo, na kamera ilikuwa imegeukia benchi letu. Baba yangu alipokuwa anasema uongo wa pekee mkubwa wa maisha yake, mimi nilikuwa natazama msichana mwenye sweta ya kijani, ananuna ili aonekane ananuna. Katika sisi tuliomjua, hakuna aliyeuona uso aliokuwa nao.

Rolande alikuwa ananingoja. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na alikuwa ananitazama kama mtoto anayeuliza kama kweli atachukuliwa.

"Alivuta," nilisema. "Alivuta mara mbili. Nilimwona kabisa, nikadhani anajikuna."

Macho yake yaliniacha usoni, yakaenda pembeni kidogo, yakatulia hapo. Nikahisi vidole vyangu vya mkono wa kulia, na ncha ya sikio langu katikati yake.

"Noella," alisema dada yangu, "shusha huo mkono."

Nikaushusha, naye akaushika.